Kirusi Kwenye Chupa, Kirusi Ndani ya Seli

Ndugu zangu, kirusi ni kitu hai au si hai? Nianze na chupa. Mwaka 1935 Wendell Stanley, mwanakemia wa Marekani, alisaga majani ya tumbaku yenye ugonjwa wa batobato, akachuja na kusafisha mpaka akabaki na fuwele za kirusi cha ugonjwa huo, vijisindano vya kuweka chupani kama chumvi. Vimo tu humo, havili, havipumui, havikui. Viyeyushe, paka jani lisilo na ugonjwa, jani linaugua na virusi vinaongezeka. Chumvi gani hiyo inayozaana?

Wengi hujibu upesi: si hai, maana haviwezi kuzaana peke yao. Mimi jibu hilo halinitoshi. Bakteria wa klamidia nao hawazaani nje ya seli za wengine, na hakuna aliyewatoa kwenye orodha ya viumbe.

Kinachovifungia virusi mlango ni ribosomu, kile kijimashine kinachosoma maagizo ya jeni na kuunga protini. Ninyi mnacho, uyoga unacho, bakteria wanacho. Mwanabiolojia wa Marekani Carl Woese na wenzake walipougawa uhai katika makundi makuu matatu mwaka 1990, walitegemea kulinganisha jeni za ribosomu. Kirusi hakina. Ni kama ukoo unaopangwa kwa jina la babu, halafu anabisha hodi mtu asiye na jina hilo.

Sasa sikieni kioja. Mwaka 1992, huko Bradford, Uingereza, ndani ya ameba kutoka mnara wa kupozea maji, kilipatikana kitu kikubwa kiasi cha kuonekana kwa hadubini ya kawaida. Kikadhaniwa bakteria, hata jina la kibakteria kikapewa. Jeni za ribosomu zikatafutwa, wapi! Mwaka 2003 ikatangazwa kuwa ni kirusi, na vinasaba vyake vina herufi kama milioni 1.2, kuzidi bakteria kadhaa. Mwaka 2008 kikajulikana kirusi kidogo, Sputnik, kinachomdhoofisha ndugu wa jitu hilo. Kisicho hai kinauguaje?

Nionavyo, tunakosea kukodolea macho ile chembe ya chupani. Ikiingia kwenye seli inafumuka, na kwa muda ukiipasua seli hiyo hukuti kirusi kizima hata kimoja. Kuna maagizo yanayosomwa, na seli imegeuzwa karakana ya mgeni. Hapo mimi nauona uhai. Kamati ya kimataifa ya kuainisha virusi, lakini, haikutungoja tumalize ubishi: inavipa familia, jenasi na spishi kama ilivyo kwa simba na mpapai, ila kwenye orodha ya peke yao.