Kichwani mwa mtu hamkai mtu mmoja

Mnanisikia huko nyuma? ... Haya, mmeona mlichofanya? Nimeuliza swali la ndiyo au hapana, kila mtu kageuka kwanza kumwangalia jirani yake aone yeye anafanyaje. Asanteni, mmenipunguzia kazi.

Wanaonijua wanajua nitasema nini, kuna mtu hapa mbele ameshaanza kutabasamu. Ndiyo, ni lile lile. Vitabu vya saikolojia vinamkata binadamu vipande viwili, huku sura ya mgonjwa na mtabibu wake, kule mbali sura ya makundi, mwanafunzi anafaulu mtihani wa ile ya kwanza na anaisahau kabla hajaifikia ya pili. Mimi nasema hiyo ni sura moja, nimelisema sana na nitalisema tena mpaka mnichoke.

Wundt na maabara yake ya Leipzig 1879 mnamjua, Freud, yule aliyetafuta chanzo cha maradhi ya akili kwenye mambo yaliyojificha ndani ya mtu, mnamjua kuliko inavyotakiwa, Watson na wenzake waliosema tuachane na mambo ya kichwani tupime tabia tu nao mnawajua. Naruka. Tuanze na Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili, Philadelphia, mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Beck alikuwa mtu wa Freud, kasomea kabisa. Alifundishwa kwamba mwenye sonona ana hasira aliyojigeuzia mwenyewe, basi akaenda kuitafuta kwenye ndoto za wagonjwa akiamini ataikuta tele. Alichokuta ni watu wanaojiona wameshindwa, wamepoteza, hawafai, usingizini kama walivyo mchana. Halafu kuna kisa alichokuwa akikisimulia mwenyewe. Mgonjwa kalala kwenye kochi anaeleza mambo yake ya mapenzi, Beck anamuuliza unajisikiaje, anajibu ana wasiwasi. Beck akamtafsiria kama alivyofundishwa, wasiwasi huo unatokana na hayo mambo ya mapenzi unayoyasimulia. Mama wa watu akasema hapana, alikuwa anawaza kwamba anamchosha daktari.

Nakuchosha! Wazo dogo hivyo, linapita chinichini kama mtu anayenong'ona chumba cha pili, mwenyewe halitamki na daktari hajui kama lipo. Beck akaanza kuyafuatilia haya mawazo yanayojijia yenyewe na tiba nzima akaijenga hapo, likamate wazo, liandike, uliza ushahidi wake uko wapi. Sasa watu wanasimulia kisa hiki halafu wanakwambia umeona, tatizo liko ndani ya kichwa cha mtu. Hivi mnasikiliza kweli? Wazo lenyewe lilikuwa linamhusu nani? Ni daktari, yule aliyekaa kwenye kiti! Yule mama alikuwa anausoma uso wa mwenzake, tena uso ambao akiwa kalala pale hata haoni.

Na kabla hujaniambia tiba hii ni kumwambia mtu afikirie mazuri, hapana, hiyo kawaulize wanaouza vitabu vya mafanikio. Inawezekana kweli unachosha, wachoshaji wapo, mnaye mmoja hapa amesimama. Kazi ni kulipima wazo, likikutwa kweli basi ni kweli, tunaangalia la kufanya.

Sasa turudi nyuma kidogo, 1951, mwanasaikolojia Solomon Asch. Kadi mbili. Moja ina mstari mmoja, nyingine mistari mitatu, sema upi una urefu sawa na ule wa kwanza. Mtoto anaweza, na watu wakiifanya peke yao hawakosei hata mara moja kwa mia. Ila chumbani kuna vijana saba au nane, wote wamepangwa na Asch isipokuwa mmoja, na huyo mmoja kawekwa kujibu karibu na mwisho. Raundi mbili za kwanza wote wanajibu sawasawa, kijana anaona kazi nyepesi. Raundi ya tatu wa kwanza anataja mstari ambao si wenyewe, wazi kabisa, kwa sauti ya kawaida tu, wa pili hivyo hivyo, wa tatu hivyo hivyo, zamu inakuja na yeye anaukodolea macho mstari. Raundi 18, na kwenye 12 kati ya hizo kundi linajibu uongo.

Kwenye raundi hizo 12, karibu theluthi moja ya majibu ya vijana waliopimwa yalifuata uongo wa kundi, na kama robo tatu yao waliyumba angalau mara moja. Walimu wengi wanafungia kitabu hapo, binadamu ni kondoo, kipindi kimeisha. Kumbe utamu unafuata, manake Asch alikaa nao akawahoji! Wengine walijua kabisa kundi limekosea ila hawakutaka kuonekana vituko. Wengine waliamua kasoro iko kwao, labda macho yao hayaoni vizuri. Haya niambieni, "labda macho yangu yana kasoro" na "nakuchosha" vina tofauti gani? Ni wazo lile lile, linajijia lenyewe, halina ushahidi.

Asch hakuishia hapo. Akaweka kwenye kundi mtu mmoja anayesema kweli. Mmoja tu! Makosa yakashuka mpaka kama robo ya yalivyokuwa. Kwangu mimi mtabibu wa Beck ndiye huyo mmoja, anayekwambia hebu tuutazame huo mstari tena.

Kuna anayetaka kuniuliza, mbona mtu anasononeka usiku yuko peke yake chumbani. Peke yake na nani? Anabishana na bosi, na mzazi, na yule aliyemwacha, chumba kimejaa.

Muda unaniishia, twende mbio. Watafiti Latané na Darley 1968, walitaka kuona nani atatoa taarifa, moshi unaingia chumbani, mtu akiwa peke yake robo tatu wanatoa taarifa, wakikaa na wawili waliopangwa kujifanya hawajali ni mmoja kwa kumi. Msiniletee ile habari ya New York 1964 ya mashahidi 38 waliotazama mauaji hawakufanya kitu, gazeti lilitia chumvi. Milgram, yule aliyewaamuru watu wampige mwenzao shoti za umeme ambazo kumbe zilikuwa za kuigiza, 26 kati ya 40 walifika volti 450, kila mtu anaikumbuka hiyo, lakini wenzao wawili walipogoma mbele yao waliofika mwisho ni wanne kati ya 40, mbona hii hamuisemi? Na ndiyo, 2015 zilirudiwa tafiti 100 za saikolojia, na kama theluthi moja tu ndizo zilizosimama tena. Asch amerudiwa mara nyingi sana na bado yupo. Gereza la Stanford la 1971, lile jaribio la vijana waliogawanywa wawe walinzi na wafungwa, niliahidi kuligusa, siligusi, mjue tu kwamba walinzi walishapewa mwelekeo kabla hawajaanza.

Haya, maswali. Wewe uliyenyoosha nusu mkono, nyoosha wote.