Mfunguo Sita Si Sifuri: Maneno kwa Watafiti Vijana wa Demenshia, Lamu

Assalamu alaykum wazee wetu, na nyinyi vijana mliovuka maji asubuhi hii kuja Amu.

Nimeombwa nizungumzie malezi ya watafiti wachanga wa demenshia, huu ugonjwa wa kusahau. Nitaanza na kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikaa barazani na bibi mmoja, nikamuuliza, "Huu mwezi gani?" Akanijibu, "Mfunguo sita, mwanangu." Dodoso langu lilitaka mwezi wa kizungu. Nikamwandikia sifuri. Nilipoinuka, kwa hesabu zangu yule bibi alikuwa mgonjwa. Nanyi mwajua mfunguo sita ni mwezi wa Maulidi; yeye alikuwa keshaanza kuwatayarishia wageni vyumba.

Aliyeniokoa ni msimamizi wangu. Hakunikemea. Alikaa nami tangu magharibi, tukalipitia dodoso swali kwa swali: ulimuuliza kwa maneno gani? Alisema nini hasa kabla hujampa alama? Asubuhi tukarudi wote wawili kwa yule bibi. Jioni ile moja ilinifunza kuliko semina zote nilizohudhuria, na ndiyo ninayowatakia nyote.

Kipimo cha kumbukumbu kinachotumika sana ulimwenguni kilitungwa Marekani mwaka 1975. Kinamtaka mtu aandike sentensi na anakili michoro kwa kalamu. Sasa mpe bibi aliyehitimu Kurani lakini hakuwahi kushika penseli! Kule Hai, Kilimanjaro, watafiti waliandaa kipimo kifupi kwa wazee wasiosoma shule: mzee anapanga njiti za kiberiti kufuata umbo aliloonyeshwa. Ni kazi ya kupigiwa mfano. Hata hivyo, Amu tuna yetu ya kuamua. Ukimpa mzee neno "macho" alikumbuke, naye baadaye akasema "mato", yaani macho kwa Kiamu, amekosa? Mimi nasema amepata. Lakini hilo liamuliwe kabla ya kwenda nyumbani kwa watu, si mlangoni.

Na masikio. Mzee asiyesikia vizuri huonekana kama aliyesahau. Jopo la jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja mambo 14, uziwi, presha na kisukari yakiwemo, na kukadiria kuwa tukiyashughulikia yote, karibu nusu ya demenshia ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Kwa hiyo mtafiti asiyepima usikivu kwanza hajaanza kazi.

Shirika la Afya Duniani linahesabu watu milioni 57 waliokuwa na demenshia mwaka 2021, zaidi ya asilimia 60 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Watafiti wa kwenda kwao ndio nyinyi, na wengi wenu mnalipwa mradi ukiwepo tu, ukiisha, mnaacha. Hilo linaniuma. Linaniuma pia kijana anaporudi kutoka nyumba aliyomkuta mzee kafungiwa chumbani, jamaa wakisema karogwa, naye hana wa kumpigia simu usiku ule. Baadhi yenu mna mama au nyanya wa namna hiyo nyumbani. Msimamizi anayeulizia data peke yake hajakusimamia.

Wakubwa wenzangu, kila mmoja achukue kijana mmoja, aende naye nyumba kwa nyumba. Mimi naanza kesho saa mbili asubuhi, mtaa wa Langoni. Atakayenifuata aje na dodoso lake na kiberiti.