Mtoto Aliyemshangaza Gatsby

Ndugu zangu, riwaya ya The Great Gatsby ya Mmarekani F. Scott Fitzgerald mmeisoma, kwa hiyo sitasimulia karamu za tajiri Gatsby, magari wala ile taa ya kijani anayoitazama ng'ambo ya ghuba. Hasa hiyo taa. Kila ninapoalikwa kuzungumza juu ya The Great Gatsby naulizwa habari za taa, na kila mara naomba iachwe kidogo tumtazame mtoto.

Yuko katika sura ya saba. Ni siku ya joto kali, wageni wamekuja kula chakula cha mchana nyumbani kwa Daisy, mwanamke ambaye Gatsby anampenda, na yaya anamleta Pammy, binti mdogo wa Daisy, awasalimu. Gatsby anainama, anamshika mkono. Halafu anabaki akimtazama kwa mshangao, na Nick, msimulizi wa hadithi, anasema hadhani kama Gatsby aliwahi kabla ya hapo kuamini kweli kwamba mtoto huyo yupo. Ni mistari michache tu. Yaya anamwondoa, Tom, mume wa Daisy, analeta vinywaji, hadithi inasonga. Wasomaji wengi hupita hapo wakidhani ni pambo.

Mimi nasema riwaya nzima imeshikwa na mistari hiyo. Utazameni mpango wa Gatsby. Alimpenda Daisy mjini Louisville mwaka 1917, akiwa afisa wa jeshi asiye na kitu. Mwaka 1919 Daisy akaolewa na Tom Buchanan, aliyempa mkufu wa lulu wa dola 350,000. Gatsby akajitajirisha kwa magendo, wakati pombe imepigwa marufuku Marekani, akanunua jumba ili Daisy awe ng'ambo tu ya ghuba. Sasa ni 1922. Anataka nini? Haridhiki Daisy amwache mumewe. Anataka amwambie Tom kwamba hakumpenda hata siku moja. Kisha warudi Louisville, Daisy aolewe akitokea nyumbani kwao, kana kwamba miaka mitano haikupita. Katika mpango huo mtoto anawekwa wapi? Hakuna mahali. Pammy ni ushahidi unaotembea kwamba wakati umekwenda, ndiyo maana Gatsby anashindwa kuondoa macho.

Na hapo ndipo utajiri unapoingia. Maskini aliyeachwa na mpenzi hulia, huchelewa kupona, lakini hupona, kwa sababu hana namna ya kuirudisha jana. Gatsby anadhani anayo. Ameweza kupata jumba, mashati kutoka Uingereza, na mamia ya wageni wanaojaza bustani yake. Kwa nini asiipate na ile miaka mitano? Nick anapomwambia yaliyopita hayarudiwi, hamwelewi kabisa.

Mtu ataniambia: kosa ni la mapenzi, fedha zilikuwa chombo tu. Jibu hilo nimelisikia mara nyingi na linanikera, maana halimjali kijana aliyekuwepo kabla ya Daisy. Gatsby anapokufa, baba yake, mzee Gatz (hilo ndilo jina la ukoo ambalo mwanawe alilibadilisha), anakuja mazishini na kitabu cha utotoni cha mwanawe. Mwishoni mwake kuna ratiba ya mwaka 1906: kuamka saa kumi na mbili asubuhi, mazoezi ya viungo, kusoma mambo ya umeme, kujifunza kuzungumza vizuri, na jioni kuchunguza uvumbuzi unaohitajika. Kuweka akiba ya dola 3 kwa wiki. Kuwatendea wazazi mema zaidi. Hiyo ndiyo ndoto! Ina kazi, ina watu wengine ndani yake, na inatazama mbele. Miaka 16 baadaye fedha zipo tele, lakini ndoto imesinyaa, imebaki mtu mmoja na mwaka mmoja. Mapenzi ya ujana peke yake yasingeweza kuifanya hivyo, kwa sababu maisha yangemsukuma. Fedha zilimwezesha kukataa kukua.

Daisy analaumiwa sana, na kwa yale ya baadaye, gari alilomgonga nalo Myrtle, hawara wa Tom, akafa, simtetei. Lakini kule hotelini New York ni yeye anayesema kweli. Anamwambia Gatsby kwamba anadai mno, kwamba anampenda sasa, na yaliyopita hana uwezo nayo. Gatsby anapewa leo, anadai jana.

Tom nilitaka kumsema kwa kirefu, maana naye moyo wake umebaki kwenye mechi za chuoni. Muda hautoshi. Aliyerithi utajiri naye ana jana yake, ila gharama wanalipa Myrtle, mumewe Wilson, na Gatsby.

Jambo hilohilo liko kwa Charles Dickens, mwandishi Mwingereza; haraka haraka. Katika Great Expectations, ya 1861, Miss Havisham, aliyeachwa na mchumba siku ya harusi, anasimamisha saa zote ilipofika saa tatu kasoro dakika ishirini, anabaki ndani ya gauni la harusi miaka na miaka. Angewezaje bila urithi wa baba yake mwenye kiwanda cha pombe? Mfanyakazi wa kiwandani humo angelivua gauni kesho yake aende kazini. Pip, kijana mhusika mkuu, naye analewa matumaini ya ukubwa hadi anamwonea haya Joe, mhunzi aliyemlea. Kisha fedha za Magwitch, mfungwa aliyemfadhili kwa siri, zinapotea, Pip anabaki na madeni na maradhi, na anayekuja kumuuguza ni Joe yuleyule. Baadaye anakwenda ng'ambo kufanya kazi ya ukarani. Wapo wanaosema Dickens alimwadhibu kwa kumnyang'anya mali. Mimi naona alimwokoa, na nitalitetea hilo kwenye maswali, maana naona mikono imeshainuliwa.