Mkopo wa Siku 30 na Mbalamwezi

Mwangaluka, ndugu zangu.

Nashukuru kwa kunialika tena. Wapo humu walionisikia nikilisema jambo hili la mikopo ya siku 30 mwaka jana na mwaka juzi, na nimeona wengine wakinong'onezana nilipofungua mkoba: kaja tena na kadi yake. Ndiyo, nimekuja nayo. Siku kadi za namna hii zitakapoacha kuchapishwa, na mimi nitaacha kuja nayo.

Hii hapa, kadi ya marejesho ya mkopo. Walio nyuma hamuioni, nitawaeleza. Ni karatasi ngumu ya manjano, upana wa kiganja, imekunjika katikati kwa kuwa mwenyewe alikuwa akiifunga kwenye pindo la kitenge. Ina vyumba 30. Kila chumba kina tarehe, na kila siku ya rejesho afisa anaandika 4,000 na kuweka sahihi. Jina nimelibandikia karatasi. Ukiisogeza puani inanuka dagaa mpaka leo.

Mwenye kadi ni mama anayenunua dagaa wabichi mwaloni Igombe, ufukweni mwa Ziwa Victoria hapa Mwanza, anawaanika, anawapeleka soko la Mwaloni Kirumba kuwauza. Alikopa 100,000. Akapewa 90,000, maana 10,000 ilibaki palepale mezani kwa jina la fomu. Marejesho ni 4,000 kila siku kwa siku 30, yaani 120,000. Aliambiwa riba ni asilimia 20, basi.

Tupige hesabu pamoja, na nyie wanafunzi wa uchumi mnisahihishe nikikosea. Kapokea 90,000, anatakiwa kurudisha 120,000. Gharama ya mkopo ni 30,000. Lakini ile 90,000 hakukaa nayo siku 30, kwa sababu kesho yake tu alianza kuirudisha. Ukitafuta wastani wa fedha yao iliyokuwa mkononi mwake mwezi mzima, unapata kama 50,000. Kwa hiyo analipa 1,000 kila siku ili akae na 50,000 ya mtu. Hiyo ni asilimia 2 kwa siku! Kwa mwezi unakaribia asilimia 60. Na ukomo uliowekwa na Benki Kuu ya Tanzania kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana, yaani akiba za watu, ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki moja, asilimia 3.5 ni 3,500.

Hapo bado sijafika kwenye jambo lenyewe. Jambo lenyewe liko kwenye vyumba hivi. Tazameni. Tarehe ya kwanza mpaka ya kumi na moja, sahihi zimejaa. Halafu vyumba vinane vitupu. Halafu sahihi tena mpaka mwisho. Niliwahi kumwonyesha kadi hii bwana mmoja wa idara ya mikopo, mtu msomi, akaniambia, "Huyu mteja ana nidhamu mbaya, amekatisha katikati." Nikamwuliza kama amewahi kwenda mwaloni. Hajawahi.

Watu wa Igombe na Ukerewe mmeshajua ni nini. Mbalamwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa, wakati wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga umetapakaa ziwa zima na taa ya mvuvi haivuti kitu, mitumbwi inapandishwa mchangani, watu wanashona nyavu. Wiki nzima, wakati mwingine siku kumi, hakuna dagaa mbichi wa kununua. Mama hana cha kuanika, na asiye na cha kuanika hana cha kuuza. Ile 4,000 ataitoa wapi?

Sasa nisikilizeni hapa, maana kila mara nikifika hapa watu huanza kutazama simu. Mwezi wa angani unazunguka kwa siku 29 na nusu. Mkopo wa siku 30 kwa mtu wa dagaa hauna namna ya kuikwepa mbalamwezi. Uanze leo, uanze kesho, uanze keshokutwa, lazima utaingia humo. Siku zile vyumba ni vitupu kabla ya mkopo kutolewa. Aliyechapisha kadi hii alikwishachapisha na faini ndani yake.

Faini yenyewe ilikuwa 2,000 kwa kila siku iliyorukwa. Siku nane, 16,000. Kalipa siku 22, yaani 88,000, kabakiza 32,000. Jumla ya deni siku ya thelathini ni 48,000. Afisa akamwambia, mama usiwe na wasiwasi, wewe ni mteja mzuri, tunakupa mwingine. Akaandikiwa 100,000 nyingine. Ikakatwa 48,000 ya deni, ikakatwa 10,000 ya fomu, akaondoka na 42,000. Na kadi mpya yenye vyumba 30 vya 4,000.

Kapokea 42,000, arudishe 120,000. Na mwezi uleule uko njiani, unajaa.

Ndiyo maana watu wa mtaani wakaiita kausha damu. Hilo jina halikutoka kwa waandishi wa habari, lilitoka kwa watu wanaoshika kadi hizi.

Nami naijua kadi hii kwa upande wa pili wa meza. Kabla ya kufundisha nilikuwa afisa mikopo miaka tisa, kwenye taasisi ambayo sitaitaja, hapa hapa Mwanza. Nilijaza vyumba. Nilipewa lengo la wiki, na kwenye lengo lile mwezi wa angani haukuwemo. Siku moja tulikwenda Mabatini kwa mdaiwa tukabeba kochi, jiko la gesi na sufuria ya dagaa iliyokuwa bado ina moto. Mtoto alisimama mlangoni ameshika sahani. Niliacha kazi baada ya miezi michache. Nilipaswa kuacha siku ileile.

Mtu atasema: si alisaini? Alisaini, ndiyo. Alisaini karatasi iliyoandikwa "ada ya fomu", "ada ya usimamizi", "riba". Hakuna mahali palipoandikwa: utaondoka na 90,000, utarudisha 120,000, na siku ambazo huna dagaa utaongeza 2,000 kwa kila siku. Mstari huo mmoja ungekuwepo, kwa Kiswahili, kwa wino mkubwa, ningekubali kwamba amesaini.

Mwingine atasema: aende benki. Benki gani itakayompa mtu laki moja saa kumi na moja alfajiri, mitumbwi ikiwa inatia nanga na mnunuzi mwenzake kashika ndoo? Hana hati ya nyumba, hana taarifa ya akaunti. Yule wa kausha damu yupo pale pale na daftari. Ana kasi, na kasi kwa mtu wa dagaa ni mali. Nikisema leo wafungwe wote, kesho alfajiri yule mama ananunua kwa nini? Kwa hiyo sisemi wafungwe wote. Naomba msiondoke hapa mkasema nimesema wafungwe.

Na wapo wanaosema shusha riba kwa amri, iwe asilimia 1, tumalize. Jirani zetu Kenya walijaribu kwa mabenki. Agosti 2016 Rais Kenyatta alitia sahihi sheria ya kwamba riba isizidi asilimia 4 juu ya riba ya Benki Kuu yao. Watu walishangilia. Mabenki yakapiga hesabu, yakaona kumkopesha muuza mboga kwa bei ile hakulipi, yakapeleka fedha serikalini kwenye hati fungani, na muuza mboga akaishia kwenye mikopo ya simu ambayo ni ghali kuliko ile ya kwanza. Novemba 2019 wakaifuta. Ukiibana bei bila kutazama ada, fomu na faini, umelibana puto upande mmoja.

Na hapo ndipo ugomvi wangu na kanuni zetu ulipo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Novemba 2019, ni sheria nzuri. Naisema hadharani. Kabla yake mtu yeyote mwenye meza na mhuri alikuwa mkopeshaji. Sasa kuna leseni, kuna madaraja manne: benki za huduma ndogo, wakopeshaji wasiopokea amana, Saccos, na vikundi vya kijamii kama Vicoba. Lakini kanuni inapima kwa mwezi na kwa asilimia, wakati mkopo wenyewe unaishi kwa siku na kwa shilingi. Mkaguzi akifika ofisini anaonyeshwa mkataba: riba asilimia 3.5, safi. Kadi ya manjano haipo ofisini, iko kwenye pindo la kitenge Igombe.

Ninachotaka ni kidogo, na nimekiandika mara nyingi. Kila mkopeshaji mwenye leseni alazimishwe kuandika tarakimu tatu juu kabisa ya mkataba: shilingi utakazoondoka nazo, shilingi utakazorudisha zote pamoja na ada, na faini isiyoweza kuzidi kiasi fulani. Ukomo wa riba uhesabiwe juu ya tarakimu hizo, sio juu ya neno "riba" peke yake. Na mkopeshaji anayekopesha watu wa ziwani awe na kalenda ya ziwani. Hapo wananiambia, mwalimu, Benki Kuu itaandikaje kanuni ya mwezi mkubwa? Mbona mkulima wa pamba anasubiriwa mpaka msimu wa kuuza na hakuna anayeshangaa? Dagaa nao wana msimu, tofauti ni kwamba msimu wao ni wa wiki tatu.

Kuna kikundi cha akina mama nakifahamu, hisa zao wanaweka Jumamosi, mikopo wanapeana wao kwa wao. Marejesho yao yanakusanywa wakati wa giza tu. Mbalamwezi ikifika, daftari linafungwa sandukuni, na sanduku lina kufuli tatu, kila funguo kwa mtu wake. Hawakufundishwa na mtaalamu yeyote. Wanajua ziwa. Riba wanatoza, tena si ndogo, lakini mwisho wa mwaka wakivunja kikundi riba ile inarudi kwao wenyewe.

Naona naonyeshwa saa. Nilikuwa na mambo mengine manne, nitayapitia mbio.

Riba ya Benki Kuu, ile inayoongoza riba za mabenki. Januari 2024 walianza utaratibu mpya kwa asilimia 5.5, Aprili ikapanda kuwa 6, Julai 2025 ikashuka kuwa 5.75. Wanafunzi mnaipenda mada hii, na ni mada kubwa. Lakini robo asilimia ile kwa mwaka, mpaka ifike Igombe kwa mtu anayelipa asilimia 2 kwa siku, imeshapotea njiani. Mkiandika tasnifu zenu, mwandike inapotelea wapi.

Mikopo ya kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina 69 ya programu na majukwaa yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Walifanya vema. Ukiona programu inaomba kuingia kwenye orodha ya namba zako kabla ya kukupa elfu ishirini, ujue siku ukichelewa watampigia mkweo.

Amana. Januari 2018 benki tano zilifungwa kwa siku moja, na mojawapo ilikuwa ya wakulima wa Kagera, hapo ng'ambo ya ziwa. Kinga ya Bodi ya Bima ya Amana ilikuwa milioni 1.5 kwa mwenye akaunti. Tangu 2023 ni milioni 7.5. Lakini kinga hiyo ni ya benki. Fedha uliyompa mtu aliyekuahidi utavuna mara mbili haina bima popote, na waliopanda mbegu zao DECI, ule mchezo wa upatu, mpaka Serikali ilipoingilia mwaka 2009 wanalijua hilo.

La nne ni mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa wenye ulemavu. Haina riba. Hiyo inahitaji siku yake peke yake, nitaiacha.

Jambo la mwisho, la vitendo. Pale mezani karibu na mlango kuna bahasha kubwa. Mwenye kadi ya marejesho, ya manjano au rangi yoyote, na mwenye mkataba ambao hakuuelewa, aulete. Tutapiga nakala, tutafunika jina, utarudishiwa ya kwako leo leo. Tunazo 41 mpaka sasa. Zikifika 100 tutazipeleka tawi la Benki Kuu hapa Mwanza, na pembeni ya kila kadi tutabandika kalenda ya mwezi wa angani wa siku zilezile, vyumba vitupu na mbalamwezi vikiwa vimepangwa sambamba.

Sasa maswali. Tuanze na mama pale dirishani, maana ameinua mkono tangu nilipotaja fomu.