Fyuzi Inalinda Waya: Mazungumzo na Mafundi wa Muziki wa Magari, Unga Limited, Arusha

Shikamooni wazee wangu. Machalii, mambo vipi. Najua Jumamosi mchana ndio saa ya wateja, na mmewaacha mkaja kunisikiliza, kwa hiyo naingia kazini moja kwa moja.

Hiki ni kipande cha waya geji 4, ule unaotoka betri kwenda kwenye amplifaya. Kumbukeni, namba ya geji ikipungua, waya unanenepa. Kipitisheni mkono kwa mkono. Nilikitoa kwenye gari lililoanza kufuka moshi pale Usa River, mwenyewe akielekea Moshi. Tazameni plastiki yake: imeiva kuanzia ndani, imevimba, halafu imepasuka. Na hii ni fyuzi ya gari hilohilo, ile inayopaswa kukatika umeme ukizidi. Inyanyueni kwenye mwanga. Ni nzima kabisa.

Imebakije nzima wakati waya umeungua? Fundi aliyefunga muziki ule aliiweka kwenye buti, kando ya amplifaya. Halafu waya ulipopita kwenye tundu la bati linalotenganisha injini na miguu ya dereva, hakuweka raba. Bati likausugua waya kidogo kidogo, safari baada ya safari, mpaka shaba ikagusa bodi. Umeme ukatoka chanya, ukaingia kwenye bati, ukarudi hasi kupitia bodi. Kule nyuma kwenye fyuzi haukufika. Dereva alisalimika kwa sababu alikuwa na spana namba 10 mlangoni, akawahi kufungua kichwa cha betri. Vidole viliungua, gari likabaki.

Wengi wetu tuliambiwa na waliotufundisha kwamba fyuzi hii kubwa ni ya kulinda amplifaya. Amplifaya ina fyuzi zake ubavuni. Hii kubwa inalinda waya unaotoka betri. Ukilishika hilo, huhitaji kuuliza iwekwe wapi: karibu na chanya ya betri kadiri unavyoweza, na isizidi sentimita 45, yaani futi moja na nusu. Kile kipande kinachotoka betri kuingia kwenye fyuzi hakina mlinzi yeyote. Kifanye kifupi, kivalishe bomba la plastiki lenye mikunjo, kisilale juu ya bati. Na gari ambalo betri yake iko nyuma, kama Prius nyingi, fyuzi inakwenda nyuma vilevile. Inafuata betri.

Volti 12 zinatudanganya kwa sababu ukizigusa hazikurushi. Lakini betri yenye nguvu ya kuzungusha stata, ikipigwa shoti kwa waya mnene, inaweza kumwaga zaidi ya ampea 500. Hakuna waya wa muziki unaostahimili hapo.

Ukubwa wa fyuzi tuupige hesabu, tusikisie. Chukua amplifaya ya daraja D, ile isiyopoteza umeme mwingi, yenye wati 500 za kweli, zile za RMS kwenye kijitabu, siyo zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Sehemu ya umeme inapotea kama joto, kwa hiyo ili itoe 500 inavuta kama wati 625. Gawa kwa volti 13.8 za gari linalochaji: ampea 45. Hapo fyuzi ya 60 inatosha, na mimi navuta geji 4. Geji 8 inakuwa mpakani, sipendi. Lililo muhimu ni kwamba namba ya fyuzi isizidi uwezo wa waya. Nimekuta fyuzi ya 150 kwenye waya mwembamba, nimekuta msumari mahali pa fyuzi, nimekuta karatasi ya sigara. Hayo yote ni sawa na kuacha waya bila fyuzi. Na kabla hujanunua waya, kwangua kwa kisu. Ukikuta weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Inapitisha umeme kidogo kuliko shaba tupu, kwa hiyo chukua mnene zaidi au uiache dukani.

Sasa kishikio cha fyuzi chenyewe, ambacho kinanisumbua kuliko vyote. Huku kushoto nina cha fyuzi ya kioo, imeshikwa na vibati viwili tu. Kulia ni cha fyuzi bapa inayokazwa kwa nati. Cha kushoto kimeyeyuka upande mmoja, mnaona? Hakikupata shoti. Gari lilikuwa la watalii, linapita ile barabara ya vumbi kutoka Ngorongoro kwenda Naabi, lango la Serengeti. Mtikisiko ukalegeza kibati, mahali palipolegea pakapata joto, joto likalegeza zaidi. Kwa hiyo chukueni cha nati, na kisining'inie kwenye waya. Kifungwe kwa skrubu kwenye bati la pembeni, juu ya tairi. Kisifungwe kwenye injini, maana injini inacheza peke yake na waya utavutwa kila ukikanyaga mafuta. Kikae mbali na eksozi, kwa kuwa fyuzi iliyopashwa joto hukatika kabla ya wakati wake. Kiwe na kifuniko, mdomo wa waya ukitazama chini ili maji ya kuoshea yasiingie. Kabla ya drili, chungulia nyuma ya bati. Halafu funga boneti polepole uone kama haligusi kishikio.

Kazi ianze kwa kufungua hasi. Vuta waya wote ukiwa hauna fyuzi, kaza vichwa vya waya kwa koleo la kubana, rudisha hasi, fyuzi iingie mwisho. Piga muziki nusu saa kwa sauti ya mteja, zima, kisha weka kidole kwenye kishikio. Uvuguvugu sawa. Kama kidole hakikai, kuna nati haijakazwa, fungua urudie.

Kuna Vitz hapo nje, mwenyewe amekubali tulitumie. Tusogee, na mwenye kurunzi aje nayo.