Ardhi Kwanza, Klorini Baadaye: Mhadhara Kuhusu Bwawa la Kusimika Uani

Ndugu zangu, nawaona mmeshika kalamu mkisubiri vipimo vya klorini ya bwawa la kuogelea. Vitakuja, muda ukibaki. Kwanza niambieni: uani kwako pamenyooka? Na usinijibu kwa kukadiria.

Bwawa la duara lenye upana wa mita 4, maji yakifika mita 1, linabeba takriban lita 12,500. Hizo ni tani 12 na nusu, zinazuiwa na plastiki na mabomba membamba. Ardhi ikiinama, maji hayainami nayo. Kina kinazidi upande wa bondeni, na nguzo za upande huo ndizo zinasukumwa nje. Tofauti ya kimo iwe sentimita 2 na nusu kutoka ukingo hadi ukingo, basi. Zaidi ya hapo unatafuta mafuriko.

"Lakini mwalimu, kwangu kuna zege." Afadhali umelitaja! Fundi aliyelimwaga, kama anaijua kazi, aliliinamisha makusudi ili maji ya masika yakimbilie mtaroni. Mwinamo wa asilimia 2 kwenye mita 4 ni sentimita 8. Pevingi nazo hivyo hivyo.

Chukueni ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wanaotumia mafundi kupata levo ya msingi. Jazeni maji, toeni mapovu yote, pimeni kutoka katikati kwenda pande nane. Palipoinuka, chimbeni. Palipobonyea, msijaze! Hapa ndipo tunapogombana kila siku. Mtu anaona uvivu kuchimba, anaita kirikuu cha kifusi, anasambaza, anashindilia kwa miguu, anasema tayari. Kifusi kipya kikipata uzito kinashuka, tena kinashuka upande upande. Mlioko kwenye miinuko ya Goba na Kimara hapa Dar mtachimba sana. Poleni, lakini chimbeni.

Halafu ng'oeni ndago pamoja na vinundu vyake. Sikusema fyekeni. Ndago ina ncha kama sindano, inatoboa plastiki kutokea chini, na tundu la chini kulitafuta bwawa likiwa limejaa ni adhabu. Juu ya ardhi hiyo mchanga laini uliochekechwa, sentimita 5, umwagiliwe ushindiliwe, kisha turubai la kutandika. Chini ya kila mguu wa fremu zikeni tofali la pevingi, uso wake ulingane na ardhi, mguu usije ukazama.

Sasa maji. Boza likifika, msifungulie lote. Wekeni sentimita 3, kama lita 380 hivi, vueni viatu, ingieni mnyooshe mikunjo kuanzia katikati. Pimeni kina pande zote. Pakizidi ile tofauti niliyoitaja, mwageni muanze upya. Inauma? Haya, mwaga 12,500 uone.

Wenye visima, chukueni maji kwenye ndoo nyeupe, tieni klorini kidogo, msubiri. Yakigeuka rangi ya chai yana chuma. Tafuteni maji mengine.

Naonyeshwa saa. Basi harakaharaka. Pampu isiwashwe kabla haijajaa maji na hewa kutoka. Ikizunguka kavu inaungua. Umeme wake upite kwenye swichi inayojikata ukivuja miliampia 30. pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, iwe 7.2 hadi 7.6, na irekebishwe kwanza, maana ikipanda klorini inalegea. Klorini ya unga ya asilimia 65, gramu 190, inatoa miligramu 10 kwa lita kwenye bwawa hilo. Iyeyusheni kwenye ndoo: unga uingie kwenye maji, kamwe maji yasimwagwe juu ya unga. Wekeni jioni, jua la Dar lisiimalize. Msiichanganye na vidonge vya klorini ya aina nyingine, hata kwa kutumia kijiko kimoja, inaweza kulipuka. Watoto wasubiri kipimo cha klorini kishuke hadi miligramu kati ya 1 na 3 kwa lita, na ngazi iondolewe kila mkubwa anapoondoka.

Kaka wa nyuma, nakuona tangu mwanzo. Juu ya slabu ya ghorofa? Hapana. Maji ya mita 1 ni kilo 1,000 kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya mzigo wa kilo 150 hadi 200. Muulize mhandisi kwanza, boza baadaye.