Louis Santop, Mpigaji Aliyewahi Kabla ya Daftari

Ndugu wasikilizaji, Mei 2024 takwimu za ligi za Wamarekani Weusi ziliingizwa katika daftari rasmi la besiboli ya Marekani, lakini za miaka ya 1920 hadi 1948 tu. Mpaka huo umemuumiza sana Louis Santop, mzaliwa wa Tyler, Texas. Alianza kulipwa kwa kucheza mwaka 1909, akang'ara na klabu ya Lincoln Giants ya New York kuanzia 1911. Miaka hiyo haimo. Klabu yake ya Hilldale ilipoingia Eastern Colored League, mojawapo ya ligi za Weusi, mwaka 1923, nguvu zilikuwa zimeanza kumwishia.

Enzi za ujana wake mpira mmoja ulichezewa muda mrefu. Ulichafuka, ukalainika, na mrushaji aliruhusiwa kuupaka mate ili upinde njiani. Ukiupiga kwa nguvu zote, hauendi mbali. Santop, mwenye urefu wa sentimita 193 hivi na kilo zaidi ya 100, aliuvusha uzio hivyo hivyo. Wakambandika jina la Big Bertha, mzinga wa Wajerumani.

Tena alikuwa mdakaji. Mdakaji huchuchumaa nyuma ya mpigaji mchezo mzima, na Santop alidaka mipira ya Dick Redding na Joe Williams, warushaji wenye kasi ya kutisha. Mwenye magoti yaliyochoka namna hiyo bado anatakiwa apige.

Wengi wanamkumbuka kwa Oktoba 1924 tu, fainali ya kwanza ya Weusi, Hilldale na Kansas City Monarchs. Mechi ya nane, kipindi cha tisa, Hilldale wanaongoza 2-1. Frank Duncan wa Monarchs anapaisha mpira nje ya mstari, karibu na mdakaji. Ni mpira mgumu kuliko unavyoonekana: hupaa ukizunguka kinyumenyume, kwa hiyo ukishuka hurudi kuelekea uwanjani. Ndiyo maana mdakaji hufundishwa kutupa barakoa na kuupa uwanja mgongo, ili mpira umjie. Santop aliuangusha, hivyo Duncan hakutolewa. Duncan akapiga tena, mpira ukapita katikati ya miguu ya Biz Mackey, mlinzi wa kituo cha tatu wa Hilldale, na Monarchs wawili wakafika nyumbani, kituo cha kupatia pointi: 3-2. Monarchs wakatwaa ubingwa kwa ushindi wa mechi tano kwa nne.

Kumpima kwa dakika ile ni dhuluma. Kamati iliyomwingiza katika Ukumbi wa Umaarufu wa besiboli mwaka 2006, pamoja na wengine 16, ilipima pia miaka ya kabla ya 1920. Yeye alikwishafariki Philadelphia mwaka 1942.